Nataka kubadilisha rangi za nyumba, bwana yangu anasema ni ukuta wa mama yake

Jambo sana, Mama Mshauri. Pole na kazi.

Mimi ni mama wa miaka 34, nafundisha shule ya msingi, naishi Kamalondo hapa Lubumbashi na bwana yangu na watoto wetu watatu. Wa mwisho ana miaka miwili. Tangu Januari tunakaa katika nyumba aliyoiacha mama mkwe wangu, aliyetutoka Agosti mwaka jana. Bwana yangu ndiye kifungua mimba, na familia ilikubaliana tuingie tuitunze.

Nyumba ni nzuri, ya matofali ya kuchoma, kuta nene. Tabu ni rangi. Ukisimama kwenye mlango wa saloni ukatazama ndani, unaona rangi nne kwa mara moja: saloni kijani kibichi cha rangi ya mafuta, korido njano, chumba chetu waridi, na mwishoni chumba cha watoto buluu. Milango mingine kahawia, mingine nyeupe. Jiko lilikuwa krimu, sasa limegeuka kwa moshi wa makala. Kijani cha saloni mama mkwe alikichagua kwa ajili ya jiwe la kijani la malakiti ambalo baba mkwe alilileta kutoka mgodini. Jiwe bado liko juu ya kabati. Sakafu ni ile simenti nyekundu ya zamani, naipiga nta kila Jumamosi, hiyo sina shida nayo. Majirani wakiingia wanasema, “Eee, hapa bado ni kwa mama!” Wanasema kwa upendo, lakini mimi najiona kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Nikaangalia picha kwenye simu, nyumba za kijivu chepesi na nyeupe kutoka mlango wa mbele hadi chumba cha mwisho, zimetulia kama maji. Nikaweka akiba miezi mitano, nikanunua ndoo mbili za lita 20 za rangi ya maji, kijivu. Bwana yangu alikuwa Kolwezi kikazi. Sikumwambia. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha.

Fundi alianzia koridoni. Alikwangua kipande cha ukuta kando ya swichi, ukubwa wa kiganja, kisha juu yake akapaka kijivu kama ukubwa wa sinia. Jioni nilipowasha taa, kijivu kilikuwa zambarau. Kweli kabisa, Mama, zambarau ya kanisani wakati wa Kwaresima, imetiwa unga tu. Fundi akasema mkono wa pili wa rangi utatengeneza. Mkono wa pili haukutengeneza. Pale alipokwangua, chini ya njano kulikuwa na waridi, chini ya waridi buluu hafifu, kisha chokaa. Nikamwambia aache, asiharibu zaidi.

Bwana yangu alirudi Ijumaa. Alisimama koridoni na mfuko wake begani, akauliza, “Nani alikuambia uguse ukuta wa mama?” Hakupaza sauti. Heri angepaza. Hii ni wiki ya tatu tunaongea habari za chakula na ada ya shule tu.

Agosti ni misa ya mwaka. Wifi yangu mkubwa atatoka Likasi na watu wake wote. Akikuta kuta zimebadilika atasema nimemfuta mama yao. Zikibaki hivi, nitaendelea kuishi katika nyumba inayonipigia kelele, na lile doa la zambarau katikati. Nipake au niache? Nikipaka, rangi zipi zitapatana nyumba nzima? Na ndoo zangu nizifanyie nini?

Mama wa Kamalondo

—

Mwanangu, jambo, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikijaribu kusimama pale unaposimama wewe, mlangoni, macho yakienda mpaka kule buluu. Naona mambo mawili yamekutana kwenye ukuta mmoja. Moja ni la macho: rangi ambazo kila moja ilichaguliwa kwa ajili ya chumba chake, bila mtu kufikiria kwamba zitaonekana zote kwa pamoja kupitia milango iliyo wazi. La pili ni zito zaidi. Unapika, unafagia, unapiga nta sakafu ya nyumba hii, lakini hujapata mahali hata pamoja ndani yake pa kusema “hapa ni kwangu”. Bwana yako naye alirudi kutoka safari akakuta mkono wa mtu mwingine umepita juu ya mkono wa mama yake, hata mwaka haujaisha.

Kabla ya hayo yote, kuna neno ambalo sitalizungushia. Fundi asikwangue tena ukuta huo kikavu. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na ukuta wenye tabaka tatu katika nyumba ya umri huo unatosha kutia mashaka. Rangi iliyoshika vizuri ukutani haina neno. Hatari ni vumbi na magamba yake. Mtoto wa miaka miwili anashika sakafu kisha anaweka vidole mdomoni, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana. Leo hii chukua kitambaa chenye maji na sabuni, futa pale kando ya swichi na sakafu yote chini yake, kisha ukitupe kitambaa hicho. Siku mtakayopaka, kama mtapaka, ukuta uoshwe kwa sabuni. Pale rangi ya mafuta inapong'aa sana, isuguliwe kwa msasa uliolowa, polepole, watoto wakiwa kwa jirani. Kusugua huko kidogo hakukwepeki, maana rangi ya maji ikipakwa juu ya mafuta yanayong'aa hubanduka kama ganda la yai, hata uipake mikono mingapi.

Sasa zambarau yako. Nakuomba usimlaumu fundi wala muuza rangi, kwa sababu nadhani kijivu chako ni kijivu kweli. Huko Paris, kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, wafumaji waliwahi kulalamika kwamba uzi wao mweusi umepoteza nguvu. Mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyekabidhiwa kazi ya kusimamia rangi za nyuzi hapo mwaka 1824, aliuchunguza uzi huo, akaona ni mweusi kama wa mahali pengine popote. Kilichouharibu ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake: jicho likikaa juu ya rangi moja, huisukuma rangi ya jirani kuelekea upande wa kinyume. Na kinyume cha njano ni zambarau. Wewe ulipaka sinia moja la kijivu katikati ya ukuta mzima wa njano. Mkono wa pili usingeweza kusaidia, wala wa kumi, kwa sababu shida haikuwa ndani ya sinia.

Jambo hilo hilo liko saloni, na hapo ulipita haraka. Uliniambia sakafu nyekundu huna shida nayo, ukaiacha kando ya hesabu. Lakini nyekundu na kijani ni wapinzani, kila mmoja humchochea mwenzake. Kijani cha mama mkwe juu ya simenti nyekundu iliyopigwa nta huonekana kijani zaidi, na sakafu nyekundu zaidi, na mchana mwanga unaoruka kutoka sakafuni hupanda mpaka nusu ya ukuta. Labda hiyo ndiyo kelele unayoisikia. Nakuuliza tu: ukihesabu rangi za nyumba yako, umeanza na ipi? Mimi ningeanza na sakafu. Inapita kila chumba bila kukatika, hutaibadilisha, na kila rangi ya ukutani itaishi nayo. Zile picha za simu zina sakafu gani? Kama ni vigae vyeupe au mbao hafifu, kijivu kile kilitulia kwa sababu kilikuwa na jirani mwingine. Na vumbi letu la Lubumbashi unalijua. Kufikia Septemba kijivu baridi huonyesha kila alama nyekundu ya kiganja cha mtoto. Ndiyo maana wazee wengi walipiga mkanda wa rangi ya mafuta, wa rangi nzito kidogo, kwenye mita moja ya chini ya ukuta. Watu wanauona umepitwa na wakati. Mimi naupenda, na ukiwa wa rangi moja nyumba nzima, unashona vyumba pamoja vizuri ajabu.

Angalia pia taa. Korido yako, naona, haina dirisha, kwa hiyo mwanga wake ni wa balbu asubuhi na jioni. Kwenye boksi la balbu, namba 6500 ni mwanga mweupe unaoelekea buluu, 2700 au 3000 ni wa joto. Balbu moja ya joto ni bei ndogo kuliko ndoo, na inaweza kubadilisha korido usiku mmoja. Kisha jua: sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 11 na nusu, basi mwezi wa 6 na wa 7 jua la mchana liko kaskazini. Madirisha ya kusini hulipata la mchana kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari tu, na hapo mawingu ya mvua yameshafika. Kama chumba cha watoto kinatazama kusini, buluu ile hukifanya kiwe baridi zaidi wakati tayari wanavaa sweta. Kama kinatazama kaskazini, buluu inaweza kuwa ndiyo rangi bora kuliko zote ulizonazo.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja uliyoiandika ukaenda zako. Chini ya njano kulikuwa na waridi, chini ya waridi buluu, kisha chokaa.

Mwanangu, nani alipaka hizo tabaka? Sijui kama zote ni za mama mkwe wako. Huenda nyingine ni za waliomtangulia. Lakini mwanamke aliyempa bwana wake saloni ya rangi ya jiwe lake hakuwa mtu wa kuogopa brashi. Inawezekana huo “ukuta wa mama” ulibadilika mara mbili wakati bwana yako akiwa mtoto, na kwamba anakumbuka siku ya buluu na siku ya waridi. Inawezekana pia njano hiyo ndiyo aliyoipaka mama alipokuwa mgonjwa, au njano aliyoipaka yeye mwenyewe akimsaidia. Kati ya hayo mawili kuna umbali mkubwa, na kutoka huku siwezi kuupima. Wewe pia huwezi, mpaka umuulize. Naona umechukulia kwamba anatetea rangi. Alisema “ukuta wa mama”, hakusema “njano”. Huenda kilichomchoma ni kwamba lilifanyika yeye akiwa Kolwezi. Ulitaka kumpa zawadi, nakuamini kabisa. Lakini yeye alipokea kitu ambacho hakuulizwa, mahali ambapo bado analia.

Na wifi yako? Barua nzima anasema neno moja tu, na neno hilo umemwekea wewe mdomoni. Labda ndivyo atakavyosema. Labda yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mama yao kila mwaka aiondoe njano hiyo. Simu ya Likasi si ghali.

Kuhusu njia zenyewe, naziona kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Mnaweza kuacha kila ukuta ulivyo na kuunganisha nyumba kwa vitu vinavyopita kati ya vyumba: milango yote, fremu zote na dari zote ziwe krimu moja, ile ile, kutoka ndoo moja. Utashangaa jinsi fremu zinazofanana zinavyotuliza rangi zinazogombana, kwa sababu kila rangi inapata mpaka kabla ya kukutana na nyingine. Familia ikija Agosti itakuta kuta za mama. Hatari yake ni kwamba wewe unaweza kubaki na hisia ile ile ya mgeni, na hisia hiyo ikiachwa miaka, huwa inatafuta mlango mwingine wa kutokea.

Mnaweza kubakiza saloni na kuizungushia nyumba nzima. Hapa naomba ulishushe jiwe kabatini. Lilete dirishani ulitazame vizuri: malakiti ina mistari, kutoka kijani karibu cheupe hadi kijani karibu cheusi, na bado ni jiwe moja. Rangi za nyumba zinaweza kufanya hivyo. Kijani cha saloni kikiongezewa nyeupe nyingi kinafaa chumba cha kulala. Krimu yenye joto, inayoelewana na sakafu, ikae koridoni, ambapo macho hupita bila kukaa. Na kile kizito kabisa kitumike kwa milango au mkanda wa chini. Wengi hupenda rangi moja ichukue sehemu kubwa, ya pili nusu yake, ya tatu iwe kidogo tu kama chumvi. Ni mazoea mazuri, si sheria. Hatari: waridi na buluu vitaondoka, na huenda mmoja wa watoto wa marehemu alilala miaka yake yote katika waridi hiyo. Pia kijani kilichopunguzwa kinaweza kugeuka rangi ya hospitali kikikosa mwanga.

Mnaweza kupaka kijivu chako kote. Kikifunika njano yote, zambarau itapungua sana, kwa sababu jirani ameondoka. Itabaki sakafu, ambayo itakisukuma kidogo kuelekea kijani, na baridi ya Julai. Hii ndiyo picha uliyoiwekea akiba, na siidharau hata kidogo. Lakini ikifanyika kabla ya misa bila bwana yako kuwa ameitaka, sidhani kwamba mabishano yatakuwa juu ya kijivu.

Au mnaweza kungoja, mkafanya korido peke yake sasa, mengine baada ya misa. Korido ndiyo iliyokwisha kuguswa, na ndiyo inayokutana na kila mlango. Ubaya wake ni kwamba utakaa na nyumba nusu nusu, na mvua ikianza rangi hukauka polepole na kuta nene hunyonya unyevu.

Ndoo zako hazijapotea. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 40 ni kama mita 200 za ukuta kwa mikono miwili. Umenunua nyumba karibu nzima. Ile isiyofunguliwa huenda muuzaji akakubali kuibadilisha. Iliyofunguliwa inaweza kutiwa krimu na tone la rangi ya udongo mpaka ubaridi utoke. Jaribuni kwanza kwenye kikombe, na mkipata mnachokipenda, changanyeni chote siku moja katika chombo kikubwa, kwa sababu mchanganyiko wa mkono haurudiwi.

Ukitaka pa kuanzia, anza na makaratasi magumu ya boksi, makubwa kama mlango wa kabati. Yapake rangi unazozifikiria, mikono miwili kila moja, ukiacha ukingo mweupe wa vidole vinne kuzunguka kila moja ili njano isiyadanganye tena, kisha yaache yakauke kabisa. Yasimamishe sakafuni, yaguse ile nyekundu. Yaangalie asubuhi, saa sita, na usiku chini ya balbu. Na usiyaangalie peke yako. Mwite bwana yako, hata kama mwanzoni atasimama mlangoni tu, mikono mfukoni. Usimuulize anapenda ipi. Mwonyeshe kile kipande kando ya swichi, umuulize buluu ile ilikuwa mwaka gani, na nani alikuwa ameshika brashi.

Kipande hicho kifunikeni kwa plastiki inayopitisha mwanga, muibandike pembeni kote, magamba yasianguke. Msikipake kwanza.

Mama Mshauri